Igalula Haikuulizwa

Wako ndugu zetu wanaosema kwamba siasa za Uingereza ni khabari za Waingereza wenyewe. Husema: "Leba wameshinda, Wahafidhina wameshindwa, sisi wa Visiwani yanatuhusu nini? Bendera ya Mwingereza imekwisha teremshwa, Tanganyika tangu Disemba 1961 na Unguja tangu Disemba 1963." Maneno haya yana sura ya kweli, lakini si kweli kamili. Bendera huteremshwa kwa usiku mmoja. Msitu uliong'olewa kwa amri ya baraza lililo mbali haurudi kwa usiku mmoja, wala watu waliohamishwa kwa amri hiyo hawarudi kwa kupigiwa bendi.

Tumeamua kuandika juu ya jambo hili kwa kuwa wakubwa wa London wamo katika mabishano makali juu ya hali ya hewa ya dunia, na mabishano hayo yana mkono mrefu kuliko wanavyodhani wengi. Tuyaeleze kwa ufupi. Mwaka 2008 Bunge la Uingereza lilipitisha Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi, na vyama vyote viwili vikubwa viliiunga mkono. Mwaka 2019 serikali ya Kihafidhina ya Theresa May iliitia ukali sheria hiyo, ikaahidi kwamba ifikapo 2050 nchi yao haitatia hewani gesi za joto zaidi ya zile zinazoweza kuondolewa. Mwaka 2023 Rishi Sunak, naye Mhafidhina, akaisogeza kutoka 2030 hadi 2035 siku ya kukataza uuzaji wa motokari mpya za petroli. Mwaka 2024 Leba wakashika serikali chini ya Keir Starmer, wakairudisha 2030. Na katika Oktoba 2025 Kemi Badenoch, kiongozi wa Wahafidhina, akatangaza kwamba chama chake kikishika serikali kitaifuta kabisa ile sheria ya 2008. Mwaka huo huo, mwezi wa Februari, serikali ya Leba ilitangaza kuwa itapunguza msaada kwa nchi za nje kutoka nusu ya moja katika mia ya pato la taifa hadi sehemu 0.3 katika mia ifikapo 2027, ili fedha hizo ziende katika ulinzi.

Msomaji ataona kwamba kila mkubwa huja na mwaka wake na hesabu yake, na anayemfuata huifuta. Kama hesabu hizo zingekuwa za moshi wa London peke yake, tungewaachia wenyewe. Lakini siku hizi hesabu ya moshi wa Ulaya huandikwa pia kwa miti ya Afrika. Kampuni inayochafua hewa kule hununua cheti kinachosema kwamba msitu fulani huku umeachwa usikatwe, na kwa cheti hicho hujiona imelipa deni lake. Basi bei ya cheti hupanda na kushuka kwa upepo wa siasa za kule, na anayeukalia msitu huku hana kura hata moja katika siasa hizo.

Sisi tunasema kwamba jambo hili si jipya. Liliwahi kufanywa katika nchi ile ile ya miyombo, na serikali ya Uingereza, kwa maneno mazuri kama haya ya leo, na mwisho wake tunaujua. Tuwaombe wasomaji wetu twende nao Unyamwezi.

Anayepanda gari moshi Dar es Salaam kwenda Tabora, baada ya kuvuka Ugogo na nyika ya Itigi, hupita katika kituo cha Igalula, kilichoko mashariki ya mji wa Tabora, wilaya ya Uyui. Wajerumani waliifikisha reli hiyo Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Kabla ya reli, misafara iliyotoka Bagamoyo ilipita katika nchi hiyo kwa miguu. Tura na Kigwa, vilivyomo katika wilaya hiyo hiyo ya Uyui, vilikuwa vituo vya wapagazi kabla hawajaingia Unyanyembe. Kwa sisi watu wa Visiwani nchi hiyo si ngeni. Mali iliyoujenga mji wa Unguja katika karne ya kumi na tisa ilibebwa mabegani mwa Wanyamwezi, na wajukuu wa wapagazi hao wako mitaani mwetu na mashambani mwetu hadi leo.

Hatutaficha kwamba sisi nasi tuna sehemu yetu katika taarikhi hiyo. Misafara ya pwani ilimaliza tembo, ikanunua watu kama bidhaa, ikatia bunduki katika ugomvi wa watemi. Mwenye kudai insafu lazima aanze na hesabu ya nyumbani kwake. Lakini tofauti moja ipo, nayo ni kubwa: mfanya biashara wa Unguja hakupata kusimama mbele ya dunia akasema kwamba anakwenda Unyamwezi kwa udhamini na kwa kheri ya Wanyamwezi. Maneno hayo yaliletwa na Mwingereza.

Nchi ya Igalula na Uyui yote ni nchi ya miyombo. Asiyeijua huiona kuwa pori tu. Aijuaye hujua kwamba mninga hutoa mbao, mtundu na myombo huwapa nyuki maua, na magome hutengenezwa mizinga. Na asali ya Tabora ina sifa Afrika Mashariki nzima, hata chuo cha ufugaji nyuki cha nchi kimewekwa hapo. Udongo wake mwingi ni wa mchanga, mwembamba, na rutuba yake imo zaidi katika miti na majani yaangukayo kuliko ardhini. Kwa hiyo mkulima wa Kinyamwezi hufyeka kidogo, huchoma, hupanda katika majivu kwa misimu michache, kisha hukiacha kipande kile kipumzike na kurudi msitu. Wenye elimu ya shule waliuita mtindo huu ujinga na uvivu. Ulikuwa ni ujuzi wa kuishi na udongo maskini bila ya kuuua.

Sasa tuje katika jambo lenyewe. Vita vya 1939 hadi 1945 vilipokwisha, Waingereza walikuwa na njaa ya mafuta ya kula. Siagi, majarini na mafuta ya kupikia yalikuwa kwa kadi, na yaliendelea kuwa kwa kadi hadi 1954. Dola za kununulia mafuta ya nje hawakuwa nazo. Katika mwaka 1946 Frank Samuel, mkubwa wa United Africa Company, ambayo ilikuwa ni mtoto wa Unilever, akapeleka shauri kwa serikali kwamba karanga zilimwe Tanganyika kwa mashine. Serikali ilikuwa ya Leba, ya Clement Attlee, na Waziri wa Chakula alikuwa John Strachey, mtu aliyejulikana kwa vitabu vya kuupinga ubepari. Serikali ya kisoshalisti ikalipokea shauri la kampuni kubwa ya kibepari kama lake. Ikampeleka John Wakefield, aliyewahi kuwa Mkurugenzi wa Kilimo wa Tanganyika, na wenziwe wawili. Wakazunguka wiki tisa, sehemu kubwa kwa ndege, wakaandika: eka 3,210,000 zifyekwe, zigawanywe mashamba 107 ya eka 30,000 kila moja, 80 kati ya hayo yawe Tanganyika. Gharama, walisema, itakuwa kama pauni milioni 24.

Mwishoni mwa 1946 serikali ya Attlee ikakubali. Na katika msimu huo huo, tarehe 13 Disemba 1946, Umoja wa Mataifa ulipitisha mapatano ya kuiweka Tanganyika chini ya udhamini wa Uingereza, yaani Mwingereza aitunze nchi kwa maslaha ya wenyewe. Katika Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika kulikuwa na Waafrika wawili tu, machifu walioteuliwa na Gavana mwaka 1945. Mkulima wa Kongwa, wa Nachingwea au wa Urambo, ambako mashamba yale yaliamuliwa kuwekwa, hakuwa na mtu aliyemchagua kumsemea popote, si Dar es Salaam wala London. Mdhamini alikuwa amekwisha kuamua lini atakata miti ya mdhaminiwa na kwa tumbo la nani.

Urambo, nchi iliyopewa jina la mtemi Mirambo aliyefariki 1884, iko magharibi ya Tabora kwenye njia ya reli ya Kigoma. Kwa hiyo kila tingatinga na kila pipa la mafuta lililopelekwa Urambo kwa reli kutoka Dar es Salaam lilipita Igalula. Watu wa Igalula waliiona mali hiyo ikipita mbele ya macho yao, gari baada ya gari, na hapana aliyeteremka kuwauliza: ninyi mnaoijua nchi ya miyombo, huu udongo una tabia gani?

Wangeulizwa, wangejibu. Na si wao tu. Mwingereza mwenyewe alikuwa na jibu kabatini mwake. Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo wa kituo cha Amani kule Usambara, alisafiri Tanganyika kuanzia Disemba 1935 hadi Februari 1936 akichunguza udongo, na alikwisha kuonyesha jinsi udongo ubadilikavyo kwa utaratibu kutoka kilele cha kilima hadi bondeni. Wasukuma, ndugu wa Wanyamwezi, walikuwa na majina ya ngazi hizo tangu zamani: luseni ule wa mchanga, mbuga ule mweusi wa chini, na mengine baina yake. Ujuzi wa mkulima na ujuzi wa mtaalamu ulikubaliana. Kilichokosekana ni masikio.

Kule Kongwa mambo yalikuwa mabaya zaidi. Wapagazi wa misafara walipita pande hizo miaka mingi, na nyika iliyo upande huo waliita Marenga Mkali, kwa uchungu wa maji yake na uhaba wake. Jina peke yake lilikuwa ripoti. Mwaka 1947 ilikusudiwa zifyekwe eka 150,000; zilizopandwa zilikuwa kama 7,500. Vifaru vya vita vya Sherman viligeuzwa matingatinga, vikavunjika. Udongo wa Kongwa ukinyeshewa huwa matope, ukipigwa na jua huwa mgumu kama sakafu, na karanga ni zao linalozaa ndani ya ardhi: ardhi ikikaza, karanga hubaki humo humo. Lilikuwa jambo la kujulikana na mtoto wa mkulima.

Tuulize tena: kwa nini nchi ya Urambo ilionekana tupu hata ikachaguliwa? Hapa ndipo penye jambo ambalo halikusemwa katika karatasi za London. Nchi hiyo haikuwa tupu tangu Adamu. Sotoka iliua ng'ombe wa Afrika Mashariki katika miaka ya 1890. Vita vya 1914 hadi 1918 viliwachukua wanaume kwa upagazi, na Tabora yenyewe ikatekwa na majeshi ya Kibelgiji mwezi wa Septemba 1916. Palipopungua watu na ng'ombe, pori lilifunga, na pori lilipofunga mbung'o waliingia na ugonjwa wa malale. Kisha katika miaka ya 1920 na 1930 serikali ya Kiingereza ikawakusanya watu wa Jimbo la Magharibi katika makazi maalumu ili kuwaepusha na malale, na makonde yao ya zamani yakaachwa. Helge Kjekshus alieleza kwa urefu katika kitabu chake cha 1977 jinsi watu wa nchi hizi walivyokuwa wameudhibiti mbung'o kwa kulima na kufuga, na jinsi udhibiti huo ulivyovunjika chini ya ukoloni. Basi nchi ilivunjwa, watu wakapungua na kuondolewa, kisha ikatazamwa kutoka katika ndege ikaitwa tupu, na kwa kuwa ni tupu ikatwaliwa. Mwizi aliyeuacha mlango wazi jana ndiye aliyeingia leo akasema nyumba haina mwenyewe.

Tutazame sasa siasa zao. Mradi ulipoanza kuanguka, mabishano ya Baraza la Makabwela yalipamba moto. Mwezi wa Novemba 1949 Wahafidhina walidai uchunguzi ufanywe, Leba wakakataa, na kwa kuwa walikuwa wengi wakashinda. Wakaguzi wa hesabu walikwisha kusema kwamba hesabu za shirika lililoendesha mradi haziwaridhishi. Uchaguzi ukaja Februari 1950, Leba wakarudi kwa wingi mdogo mno. Strachey hakupoteza uwaziri. Aliondolewa katika chakula akapewa Wizara ya Vita. Januari 1951 mrithi wake Maurice Webb akatangaza kwamba mradi umeachwa. Khasara ilikuwa zaidi ya pauni milioni 36, ikafutwa vitabuni.

Tunawaomba wanachama walitazame jambo hili kwa makini. Katika makelele yote yale, Leba walitetea fikra yao na Wahafidhina walililia fedha za mlipa kodi wa Kiingereza. Kila upande ulikuwa na hoja. Jina "karanga" likawa tusi katika siasa zao, la kumtupia kila waziri mwenye kufuja mali. Lakini hesabu iliyofutwa ilikuwa ya pauni. Hesabu ya msitu haikufunguliwa hata ifutwe. Hapana chama kilichodai fidia kwa miti iliyong'olewa, kwa udongo wa juu uliokwanguliwa na matingatinga, au kwa vibarua waliohama vijiji vyao kufuata mshahara kisha wakaambiwa kazi imekwisha. Leba na Wahafidhina waligombana juu ya kila kitu isipokuwa haki yao ya kuamua. Katika hilo walikuwa chama kimoja. Wapiganapo tembo nyasi huumia. Na nyasi za Urambo ziliumia kwa kupiganiwa na kwa kupatanishwa pia.

Yaliyofuata yanaonekana hadi leo. Ardhi iliyofyekwa Urambo kwa karanga ikageuzwa, katika miaka ya 1950 hiyo hiyo, kuwa ya tumbaku. Kutoka hapo tumbaku ikaenea, na baada ya uhuru serikali zetu wenyewe zikaishika kwa mikono miwili kwa kuwa inaleta fedha za kigeni. Tabora ikawa mkoa wa tumbaku. Nayo tumbaku ya mvuke hukaushwa kwa moto, siku na usiku, ndani ya mabani, na moto huo ni wa kuni za miyombo. Mkulima hukata miti apate shamba, kisha hukata mingine apate kukausha alichokivuna. Majani husafirishwa nje, na majivu hubaki. Mkulima anadaiwa mbolea na chama chake cha msingi, na bei hupangwa na wanunuzi wachache. Hakuichagua tumbaku katika khiari kumi. Aliikuta ndiyo zao lenye mnunuzi.

Sasa anaambiwa jambo la tatu. Babu yake aliambiwa: kata miti, Uingereza ina njaa ya mafuta. Baba yake aliambiwa: kata miti, dunia inavuta sigara. Yeye anaambiwa: usikate miti, dunia inapata joto. Sisi hatusemi kwamba neno hili la tatu ni la uongo. Joto la dunia ni kweli, na mkulima wa Uyui anayeiona mvua ikichelewa analijua kabla ya waziri yeyote wa London. Wala hatusemi kwamba miyombo ikatwe. Msitu ukiisha, nyuki wataisha, visima vitapungua, na mchanga ule mwembamba utakwenda na upepo. Tunalosema ni hili: amri tatu zinazopingana zimetoka katika upande mmoja wa dunia, na katika zote tatu mwenye msitu amekuwa mtu wa kuambiwa.

Wako watakaotujibu kwamba mambo yamebadilika, kwamba siku hizi kuna sheria na mikataba. Tunakubali kwamba yamebadilika, na tunapenda kutaja palipo na mfano mwema. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 imeupa mkutano mkuu wa kijiji sauti juu ya ardhi ya kijiji. Katika wilaya ya Tanganyika, mkoa wa Katavi, jirani wa Tabora, vijiji vinane vilivyopanga matumizi ya ardhi yao na kuutunza msitu wa milima ya Ntakata vimekuwa vikipokea fedha za kaboni, na vimejengea zahanati na madarasa. Hatuna haja ya kuyakanusha mema hayo. Kinachotupendeza zaidi ni kwamba pale kijiji kiliingia katika mkataba kikiwa na mipaka yake inayojulikana, na mkutano wake ndio unaoamua fedha zifanye nini. Ndiyo tofauti baina ya mwenye mali na mlinzi wa mali ya mtu.

Lakini hata hapo tusilale. Mkataba wa kaboni ni wa miaka mingi, na serikali za Ulaya ni za miaka minne au mitano. Ikiwa mkubwa mmoja huweka 2030, wa pili 2035, wa tatu akasema sheria yote ifutwe, nani atakayemlipa mwanakijiji mwaka ambao mnunuzi hahitaji tena cheti? Karanga za Strachey zilipoachwa, waziri alipewa wizara nyingine. Mwanakijiji hana wizara nyingine ya kwenda. Kwa hiyo tunataka kila mkataba useme waziwazi khasara ikitokea inamwangukia nani, na useme kwa Kiswahili ambacho mwanamke anayechuma kuni atakielewa, maana yeye ndiye wa kwanza kukatazwa kuingia msituni.

Huenda mwanachama wa Makunduchi au wa Micheweni akasema: hayo ni ya bara. La hasha. Yamekwisha fika nyumbani. Kuanzia 2010 tulikuwa na mradi wa HIMA, Hifadhi ya Misitu ya Asili, uliofadhiliwa na Norway. Wananchi wa shehia nyingi za Unguja na Pemba waliweka mipaka ya misitu yao, wakajizuia kukata katika sehemu walizokuwa wakikata, wakiwa na matumaini ya mauzo ya kaboni. Kazi waliifanya. Mauzo yaliyotarajiwa hayakupatikana. Mtu aliyeacha kuchoma chokaa au kuuza kuni ili alinde msitu alibaki na msitu na njaa yake pamoja, na ni vigumu kumlaumu aliyerudi na shoka lake.

Basi somo la Urambo ni letu. Na tuseme la mwisho bila ya kuogopa, kwa sababu kikulacho ki nguoni mwako. Kosa la Strachey halikuwa rangi yake wala utaifa wake. Lilikuwa ni kuamini kwamba nia njema na ramani nzuri zinatosha, na kwamba mwenyeji ni kitu cha kuarifiwa baada ya shauri kwisha. Kosa hilo linaweza kufanywa na waziri wa Dodoma, na waziri wa Unguja, na hata na chama chetu siku kitakapopewa dhamana. Anayekodisha kisiwa kidogo kwa mwekezaji kabla ya kuzungumza na wavuvi wanaoanika nyavu zao hapo, hata akiwa mzalendo kindakindaki, anatembea katika nyayo za tume ya wiki tisa. Tukimpinga Mwingereza kwa jambo tunalomsamehe mwenzetu, upinzani wetu utakuwa ni wa ngozi, si wa haki.

Kwa hiyo msimamo wetu ni kwamba ardhi, msitu na ufuko visitolewe kwa mradi wowote, uwe wa Leba, wa Wahafidhina, wa kampuni au wa serikali yetu, mpaka wanaoishi hapo wamekaa katika mkutano wao, wameyasikia masharti yote, na wamekuwa na uwezo wa kusema hapana na hapana yao ikasimama. Ruhusa isiyoweza kukataliwa si ruhusa.

Tunawaomba makatibu wa matawi wausome waraka huu mbele ya wanachama, khasa katika shehia zenye misitu na mikoko, na waandike majibu ya maswali matatu: ni mikataba gani ya ardhi, ya ufuko au ya msitu iliyopo katika shehia, mkutano wa wananchi ulifanywa lini juu ya kila mmoja, na nani anayo nakala yake. Pasipokuwa na nakala, iandikwe kwamba haipo. Majibu yaletwe ofisini, nasi tutayachapisha kama yalivyo.